Pitisha Hofu Yako Kwenye Mizani

Maneno haya kuhusu hofu ya Ukimwi niliyasema Ijumaa jioni katika yadi ya malori hapa mpakani Malaba, upande wa Uganda, mbele ya madereva, mataniboi (wasaidizi wa madereva), mawakala wa forodha na kina mama wa hoteli. Wengi walikuwa barabarani siku hiyo, wakaniomba niyaandike. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Majina ya watu wa kawaida sikuyataja jioni ile, na hapa pia siyataji.

Wazee wangu, ndugu zangu madereva, vijana wetu mataniboi, kina mama mnaotulisha, habari za jioni?

Hapana, hebu jibuni kama watu walioshiba. Habari za jioni!

Haya, asanteni. Nawaona wengine mmesimama getini, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, kama gari ambalo mwenyewe hajazima injini. Sina neno. Hata mimi mara ya kwanza kusikiliza mambo haya nilisimama getini.

Nina swali. Nani hapa amewahi kupita Mariakani bila kujua uzito wa mzigo wake? Mnacheka. Hakuna! Mzigo unapimwa Mariakani, unapimwa Gilgil, unapimwa Webuye, na ekseli moja ikizidi unalala pale pale na tajiri anakupigia simu mpaka betri inakwisha. Mali ya mtu mwingine tunaipima mara tatu, mara nne kabla ya kuiona Malaba. Sasa niambieni: ile hofu uliyoibeba kifuani tangu usiku ule wa Salgaa, pale malori yanapolala, umeipimia mizani gani?

Mimi yangu sikuipima. Niliendesha lori miaka 11, Mombasa hadi Kampala, mara nyingine hadi Katuna. Usiku mmoja, gesti moja ya njiani, kondomu ilipasuka. Dada yule nilikuwa simjui hata jina la pili. Asubuhi nikawasha gari nikaondoka, na tangu hapo nikawa na abiria ambaye hakushuka. Chakula kikawa hakipiti. Usingizi nikawa naupata saa kumi alfajiri, saa kumi na moja naamshwa na honi. Kila nikioga najikagua kwapani na shingoni, natafuta tezi. Ukitafuta tezi kila siku kwa kidole, utaipata, maana zipo, Mungu ameziweka.

Baada ya wiki sita suruali ikaanza kuteremka. Nikachukua msumari, nikaupasha moto, nikatoboa tundu jipya kwenye mkanda. Baada ya wiki nne nikatoboa la pili. Mwenzangu mmoja akaliona, akanyamaza. Jioni nikasikia kwenye foleni mtu anasema chini chini, "Huyu bwana ameshapata silimu." Silimu ndilo jina letu la zamani la Ukimwi. Mnaona? Nilikonda kwa hofu, ukonde ukathibitisha hofu, hofu ikanikondesha zaidi. Na wakati huo wote sijapimwa hata tone moja la damu.

Ndiyo maana leo nasema: tuipandishe hofu kwenye mizani. Tujue kilo zake. Ikiwa nzito, tujue ni nzito. Ikiwa nyepesi, tuishushe.

Tuanze na yasiyo na uzito kabisa. Mate hayana. Kusalimiana hakuna. Kula sahani moja, choo kimoja, kuvaa koti la mwenzako, kumbusu, hakuna. Mbu je? Nasikia mtu kule nyuma anasema mbu. Mzee, fikiri hivi: mbu wa Malaba wanamuuma nani zaidi? Watoto. Kama mbu wangeleta virusi hivi, watoto wa miaka sita na saba wangejaa kliniki. Hawajajaa. Wanajaa malaria. Kirusi hiki kwa mbu kinasagwa kama chakula, hakizaliani humo.

Na kinyozi? Virusi vya Ukimwi ni vidhaifu sana nje ya mwili, hewa na ukavu vinaviua upesi. Lakini mwambie kinyozi abadilishe wembe hata hivyo, kwa sababu homa ya ini aina ya B ni ngumu, hiyo inaweza kukaa nje siku saba ikiwa bado hai. Hilo ni jambo la siku nyingine, ila nimelisema.

Sasa yenye uzito. Ngono bila kinga. Sindano ya kuchangia. Damu isiyopimwa. Mama kwa mtoto, tumboni, wakati wa kuzaa na kwenye kunyonya. Hizo ndizo njia. Lakini uzito wake si sawa, na hapa ndipo watu hawaambiwi.

Wilayani Rakai, nchi hii hii yetu, watafiti walifuatilia wanandoa ambao mmoja ana virusi na mwingine hana. Hiyo ilikuwa miaka ya 1990, kabla dawa hazijafika. Waligundua kwamba kwa wastani, katika matendo 1,000 ya ngono, maambukizi yalitokea kama mara moja. Naona macho yanang'aa pale mbele! Wewe, tulia, sijamaliza. Hiyo ni wastani. Penye kidonda sehemu za siri, hesabu ile ile ilipanda karibu mara nne. Kwa mtu aliyeambukizwa majuzi tu, miezi ya kwanza kwanza, virusi vimejaa damuni na hatari inapanda mara nyingi zaidi, na mtu huyo mwenyewe hajijui, kipimo chake huenda bado kinasema hana. Na kwa njia ya haja kubwa, kwa anayepokea, hatari ni zaidi ya mara kumi ya ile ya kawaida. Hilo watu wengi hawalijui, wanadhani ni njia ya kukwepa.

Tena wewe ni dereva. Nikikuambia safari moja katika 1,000 huishia mtaroni, utafungua mkanda wa kiti? Unasafiri mara ngapi kwa mwaka?

Kwa hiyo namba ile ina kazi mbili. Kwa anayezoea hatari, inamwambia safari zinajumlishwa. Kwa aliyekosea mara moja na sasa halali, inamwambia: ndugu yangu, tukio moja si hukumu. Usijizike. Nenda ukajue.

Na ukiwahi, unaweza kufanya zaidi ya kujua. Sikilizeni vizuri hapa, kina mama, vijana, wote. Saa 72. Rudieni. (Wakarudia.) Tena! (Wakarudia.) Ndani ya saa 72 tangu tukio kuna dawa inaitwa PEP. Unaimeza siku 28 bila kuruka. Inazuia virusi visipate makao mwilini. Kadiri unavyowahi ndivyo inavyofanya kazi vizuri: saa ya pili ni bora kuliko ya ishirini, ya ishirini ni bora kuliko ya sabini. Ikipita ya 72, mlango umefungwa, unabaki kusubiri kipimo.

Kuna dada mmoja anapika hapa mpakani. Alinijia Jumatatu asubuhi, mikono bado ina unga wa chapati, akasimama mlangoni hataki kukaa. Tukio lilikuwa Jumamosi saa nne usiku. Tukahesabu kwa vidole vyake, vyenye unga: Jumapili saa nne usiku ni 24, leo saa nne usiku ni 48. Sasa ni saa tatu asubuhi. "Zimepita saa 35," nikamwambia, "umewahi." Alikaa chini ndipo akalia. Wiki ya kwanza dawa zilimletea kichefuchefu, akawa anameza baada ya chakula cha usiku akalale nacho. Alimaliza 28. Alipimwa kwa ratiba aliyopewa, hana. Mimi nilipopasukiwa na kondomu ile sikujua kwamba kitu hicho kipo. Nilikuwa na saa 72 mfukoni nikazitumia kutafuta tezi.

Na wewe ambaye hatari yako si ya usiku mmoja, ni ya kila wiki, kuna PrEP, dawa ya kumeza kabla. Utafiti wake mmoja mkubwa ulifanyika Kenya na Uganda, na mojawapo ya vituo ilikuwa Tororo hapa, kilomita chache tu. Jozi 4,747 za wanandoa, mmoja ana virusi, mwingine hana. Wale waliopewa dawa mbili kwa pamoja, maambukizi yalipungua kwa asilimia 75 yakilinganishwa na ya waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa. Majirani zetu wa Tororo walitoa damu yao dunia ikajifunza, halafu sisi tunaoegesha lori mlangoni kwao hatujui hata jina la dawa.

Sasa tuje kwenye kusubiri. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoumia.

Kipimo cha kidole hakitafuti kirusi chenyewe. Kinatafuta askari ambao mwili umewatoa kupigana nacho. Askari hao wanachukua muda kujitokeza. Ukilala na mtu Jumamosi ukapimwa Jumatano, umepima Jumamosi ya zamani, hujapima hii. Wengi huonekana ndani ya wiki chache, lakini jibu la kuegemea kwa vipimo vya kawaida ni baada ya miezi mitatu.

Miezi mitatu! Mtu anaishije miezi mitatu?

Nawaambia nilivyoishi mimi, msifuate. Nilipopata ujasiri, mwezi wa nne, nilipimwa. Sina. Nikafurahi siku mbili. Siku ya tatu nikajiambia: labda nesi alichanganya. Nikapimwa mji mwingine. Sina. Labda kipimo kimeisha muda. Nikapimwa tena. Mwaka ule nilipimwa mara saba, kliniki saba, na kila mahali nawaambia ni mara yangu ya kwanza. Mara ya saba nesi mmoja, mama mtu mzima, akanitazama vidole, akaona alama, akaniambia, "Baba, ugonjwa wako hauko kwenye damu. Unalala saa ngapi?" Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikamwambia. Akaniuliza kama nimewahi kufikiria kuliacha gari liende lenyewe kwenye mteremko. Nikanyamaza, akajua.

Akachukua karatasi akaandika mistari miwili: tarehe ya tukio, na tarehe ya jibu la mwisho. Akachora mstari katikati. Akasema: jibu hili ulishapata, mara saba. Siku ukipata tukio jipya, andika karatasi mpya. Bila tukio jipya, hakuna kipimo kipya. Karatasi ile niliichomeka kwenye kinga ya jua juu ya kioo, na hofu ikija usiku nikawa naisoma kama leseni mbele ya askari. Na akanitafutia mtu wa kuzungumza naye kila nikipita. Haikuisha siku moja. Iliisha polepole kama homa.

Kwa hiyo wewe unayesubiri: andika tarehe zako mbili. Kati ya hizo mbili tumia kondomu, kula hata kama chakula hakina ladha, acha pombe kwa sababu pombe inakopesha usingizi na riba yake ni asubuhi. Usiulize simu usiku wa manane. Ukiandika "homa" simu itakuambia Ukimwi, ukiandika "kuchoka" itakuambia Ukimwi, na dereva gani hachoki? Homa kwa Uganda hii, kwanza pima malaria. Dalili haziwezi kukuambia, si kwa kuwepo wala kwa kutokuwepo. Na ukifika pale nilipofika mimi, pa kuwaza mteremko, hilo si la kusubiri tarehe. Usiku huo huo mwambie mtu, hata taniboi wako.

Nisipite kile kipimo cha kujipima mwenyewe, cha kupangusa ufizi. Ni kizuri, kina siri. Lakini kina masharti. Usile wala usinywe kwa dakika 15 kabla. Soma kuanzia dakika ya 20, usipitishe ya 40. Kuna dereva alikipima jioni, akaogopa kukitazama, akakiacha kwenye dashibodi. Asubuhi akakitazama: kistari chembamba cha pili, kama unywele. Akaegesha gari akakaa chini ya mti mpaka adhuhuri. Tulipompima vizuri, hana. Kilichokaa usiku kucha hakisomwi. Na hata ukisoma kwa wakati ukaona mistari miwili, hiyo bado si jibu, ni barua ya kukutuma kituo cha afya. Na wewe unayemeza ARV, dawa za kufubaza virusi, tafadhali, usijipime nacho kuona kama umepona. Dawa zinaweza kukifanya kikudanganye, uache dawa, na virusi virudi.

Chumbani kukoje? Hakuna cha ajabu. Kidole kinapanguswa, kinadungwa, tone linawekwa kwenye kijiti, unaona wekundu unapanda taratibu. Dakika 15 hivi. Mstari mmoja, hana. Miwili, wanakupima tena kwa kipimo cha aina nyingine. Hakuna anayeambiwa ana virusi kwa kijiti kimoja. Mwaka 2020 hapa hapa Malaba tulipangwa foleni ya kilomita na kilomita kupimwa Covid, tukadungwa puani mpaka machozi, na hakuna aliyesema moyo wake hauwezi. Dakika 15 zinatushinda?

Najua kinachotushinda. Si sindano. Ni ile sauti inayosema: na ikiwa ndiyo?

Hofu hiyo tumeirithi, na waliotuachia hawakuwa wajinga. Ugonjwa huu ulipoonekana Kasensero, kijiji cha wavuvi ukingoni mwa Ziwa Victoria, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walikonda wakafa na hakuna aliyejua jina lake. Mama Noerine Kaleeba alimpoteza mumewe mwaka 1987, na mwaka huo huo yeye na wenzake wakaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye virusi, wakiwa hawana dawa ya kumpa mtu, wana mikono na maneno tu. Mwanamuziki Philly Lutaaya alijitokeza mwaka 1989 akasema mbele ya nchi nzima kwamba anao. Kufikia Desemba mwaka huo tulikuwa tunamzika. Wakati ule kujua kulikuwa kujua siku ya kufa. Mtu akikimbia kipimo, utamlaumu?

Lakini wazee wangu, hiyo ni hofu ya 1989. ARV za bure zilianza kuenea nchini mwaka 2004. Hapa Tororo na Busia kulikuwa na mpango wa kuwapelekea watu dawa nyumbani kwa pikipiki. Tangu 2016 ukikutwa nao unaanza dawa bila kusubiri kinga ishuke. Kidonge kimoja kwa siku. Sisi bado tunabeba mzigo wa 1989 kwenye barabara ya leo.

Na turudi Rakai, maana wale wanandoa walitufundisha kitu kingine. Mwaka 2000 ilitangazwa kwamba wale ambao virusi vyao damuni vilikuwa vichache sana, hakuna aliyemwambukiza mwenzake. Ulaya baadaye wakafuatilia jozi 888 za wapenzi, mmoja anao na anameza dawa, virusi vimeshuka havionekani. Matendo 58,000 bila kondomu. Walioambukizwa na mwenzao: sifuri. Semeni wenyewe. (Sifuri!) Anayemeza dawa zake mpaka virusi visionekane, hamwambukizi mtu kwa ngono. Sasa kati ya huyo, na yule anayejiita mzima ambaye hajapimwa miaka mitano, nani wa kuogopwa barabarani?

Kuna kijana alikuwa taniboi wangu. Ameniruhusu niseme. Alikimbia kipimo miaka miwili. Nikimpeleka anaumwa tumbo, kweli kabisa, anaharisha. Alipopimwa akakutwa anao. Alikaa kwenye kiti kile dakika nyingi, halafu unajua aliuliza nini? "Naweza kula sasa?" Tukaenda tukala rolex, zile chapati za kukunjiwa mayai, mbili mbili, mayai manne. Ndani ya miezi sita virusi vyake havikuonekana. Leo ni dereva kamili, ana mke ambaye hana virusi, na binti yao alipimwa, hana. Namlaumu kwa kitu kimoja tu: anaendesha kasi.

Nimesema mengi. Hema liko nyuma, kando ya tangi la maji. Manesi wapo hadi saa nne usiku. Wanaoitwa forodha mapema watangulie, wengine tuwapishe. Wenye tukio la tangu Jumanne usiku kuja leo, msipange foleni, njooni moja kwa moja, mseme "PEP" tu, hamtaulizwa mbele za watu. Anayetaka mtu wa kukaa naye hizo dakika 15, nipo kwenye benchi la nje, na chai ipo.

Maswali yalikuwa mengi, nimeyaingiza humo juu. Wa kwanza kuja kwenye benchi alikuwa mmoja wa wale wa getini, taniboi mwenye kofia ya kufumwa. Alikaa, akanyamaza, chai ikapoa mkononi mwake. Kisha akauliza kama ule mkanda ninao bado. Nikainua shati nikamwonyesha matundu mawili, la msumari wa kwanza na la msumari wa pili, yote mawili siku hizi hayatumiki. Akayagusa kwa kidole. Ndani wakamwita namba yake.